Kiini na Ghala: Somo la Kompyuta kwa Walinzi wa Ziwa Mweru

Askari na polisi walio zamu katika mwambao wa Ziwa Mweru, kuanzia Nchelenge na Kashikishi hadi Chienge, wanafahamu vema kwamba ulinzi wa mpaka si bunduki na mashua peke yake. Ulinzi ni maandishi pia. Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku ziwani ili samaki wapate kuzaliana, na kila anayekamatwa na wavu wakati huo lazima aandikwe. Mwaka 2017, maelfu ya watu walipoyakimbia mapigano nchini Kongo na kuvuka mpaka, walipokelewa kwanza Kenani, wilayani Nchelenge, kisha wakahamishiwa katika makazi ya Mantapala. Mkimbizi asiye na jina katika orodha ni mkimbizi asiye na chakula.

Siku hizi orodha za namna hiyo hutunzwa katika kompyuta. Askari hufundishwa kuifungua bunduki yake, kuisafisha na kuifunga tena. Lakini programu anayoandikia taarifa zake huitumia tu bila kujua kilichomo ndani. Leo tunapenda kuifungua programu moja, na kueleza swali ambalo mafundi wake wamelijadili kwa miaka mingi: ni kitu gani kiwekwe katika kiini, na ni kitu gani kibaki ghalani?

PROGRAMU YENYE LUGHA MBILI

Programu yenyewe huitwa Emacs, nayo ni ya kuandika na kuhariri maandishi. Ilianza mwaka 1976 katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani. Mmoja wa waanzilishi wake, Richard Stallman, aliitunga upya kuanzia mwaka 1984 kwa jina la GNU Emacs, akaitoa kwa watu mwaka 1985. Ni mali ya wote: mtu yeyote aweza kuichukua, kuisoma ndani na kuirekebisha.

Imeundwa kwa lugha mbili za kompyuta. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. C hugeuzwa yote kuwa lugha ya mashine kabla programu haijaanza kazi, na kwa hiyo ni nyepesi sana. Sehemu kubwa iliyobaki imeandikwa kwa Lisp, lugha iliyoasisiwa na John McCarthy mwaka 1958. Hilo ndilo ghala la zana, na kila zana ni maagizo mafupi yenye jina, yanayotenda kazi moja: kuhesabu, kutafuta, kupanga.

Tofauti yake ni kama ile iliyopo kati ya mbavu za mashua na vifaa vinavyobebwa ndani yake. Kasia hubadilishwa hata katikati ya ziwa. Ubavu hubadilishwa pwani tu, tena na fundi. Zana ya Lisp yaweza kusahihishwa na mtumiaji mwenyewe huku programu ikiendelea kufanya kazi. Zana ya C yahitaji programu nzima iundwe upya.

KUHESABU BILA KUMALIZA

Kwa nini basi zana itolewe ghalani na kutiwa katika kiini? Jibu la kwanza ni wepesi. Tuchukulie orodha ya majina 10,000. Katika Lisp, orodha hufungwa jina kwa jina, kama maboya katika kamba ya wavu. Mtu hawezi kulifikia boya la mia bila kuyapitia tisini na tisa yaliyotangulia. Afisa akiuliza, "Je, watu hawa wamezidi 30?", zana ya kawaida huwahesabu wote 10,000, ndipo ijibu.

Mlinzi wa gati asingefanya hivyo. Angehesabu hadi mtu wa 31, akasema: "Naam, wamezidi." Mwaka 2022, katika toleo la 28, Emacs ilipewa zana za namna hiyo ndani ya kiini, zinazokoma kuhesabu mara jibu linapopatikana. Mwaka 2018, toleo la 26 lilikuwa limekwisha kuingiza katika kiini zana ya mapcan, ambayo mfano wake ulikuwa katika maktaba ya Lisp kwa miaka mingi. Mwaka 2023, toleo la 29 lilileta take, inayochukua majina kadhaa ya mwanzo wa orodha. Kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na zana ya ghalani, na sasa zana hiyo huiachia ile ya kiini itende.

Wasomaji waangalie jambo moja hapa. Faida ya zana zile za kuhesabu haikutokana na lugha ya C peke yake. Ilitokana kwanza na utaratibu bora. Askari anayepita njia ndefu hata akikimbia aweza kutanguliwa na mwenzake anayetembea kwa njia fupi.

FUNZO LA JSON

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa JSON, mtindo wa kuandika habari ambao programu hutumia kupelekeana taarifa. Tangu mwaka 2009 Emacs ilikuwa na zana za kusoma JSON zilizoandikwa kwa Lisp, nazo zilitosha. Lakini mwaka 2016 ulienea utaratibu mpya wa programu kusaidiana, na taarifa zikaanza kumiminika, kubwa na nyingi, kila mtu anapobonyeza kitufe. Zana za Lisp zikalemewa, na mwandishi akawa anaingoja mashine.

Mwaka 2020, katika toleo la 27, kazi hiyo ilitiwa katika kiini. Hata hivyo, kiini kilitegemea maktaba ya watu wengine, iitwayo Jansson. Palipokosekana Jansson, wepesi nao ulikosekana, na watunzi wa programu ndogo ndogo wakalazimika kuweka akiba njia ya zamani. Hatimaye, mwaka 2025, toleo la 30 lilikuja na uwezo wa JSON ulioandikwa na mafundi wa Emacs wenyewe, na Jansson ikaachwa. Kila mwanajeshi atalitambua funzo hili: silaha inayotegemea risasi za ghala la jirani si silaha yako kamili.

HATARI YA KUJAZA KIINI

Ikiwa wepesi ni mwema hivyo, mbona ghala zima lisihamishiwe katika kiini? Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Kosa likitokea katika zana ya Lisp, kazi ile moja husimama, ujumbe hutokea, na mwandishi huendelea na maandishi yake. Kosa likitokea katika C, programu nzima yaweza kuzimika ghafla. Kasia likivunjika mashua hukawia. Ubavu ukitoboka mashua huzama.

Hatari ya pili ni ya watu. Wanaoweza kusahihisha Lisp ni wengi, hata wasio mafundi kwa kazi. Wanaoweza kugusa C bila kuharibu ni wachache. Kila zana inayotiwa katika kiini hutoka mikononi mwa wengi na kuingia mikononi mwa wachache. Kituo kilicho mbali na mji, ambako fundi hafiki kwa urahisi, kina haki ya kuliogopa jambo hilo.

Ndiyo maana safari haikuwa ya upande mmoja. Katika toleo la 23, mwaka 2009, kazi ya kumkamilishia mwandishi jina aliloanza kuliandika ilitolewa katika kiini na kuandikwa upya kwa Lisp. Sababu ni kwamba kazi hiyo haikuhitaji mbio. Ilihitaji kubadilika kwa urahisi kufuata matakwa ya watumiaji.

Toleo la 28 lilifungua pia njia ya tatu. Kwa kazi iliyoongozwa na Andrea Corallo, zana za Lisp ziliwezeshwa kugeuzwa kuwa lugha ya mashine huku zikibaki ghalani, wazi kusomwa na kusahihishwa na yeyote. Tangu hapo, mtu anayedai zana yake itiwe katika kiini kwa ajili ya wepesi hana budi kuonyesha kwanza kwamba njia hii haimtoshi.

MASWALI MATATU

Kutokana na hayo tunapata maswali matatu. Je, zana hii hutumika mara nyingi kiasi kwamba kuchelewa kwake kunaonekana, na je, kuchelewa huko kumepimwa au kumedhaniwa tu? Je, kazi yake imekwisha kutulia, au bado inabadilika kila mwaka? Na ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza, na yuko umbali gani?

Maswali haya hayahusu kompyuta peke yake. Jeshi na polisi wana amri za kudumu, na wana amri za siku. Amri ya kudumu hutoka makao makuu na haibadilishwi na koplo wa kituo. Amri ya siku hufuata hali ya ziwa, upepo na watu. Kila desturi ya kituo ikigeuzwa kuwa amri ya kudumu, koplo aliye Chienge atalazimika kungoja barua kutoka makao makuu kabla ya kuliondoa jahazi linalovuja. Kiini kiwe na yale yaliyothibitishwa. Yanayobadilika yaachwe karibu na mikono ya wale wanaoyatumia.