Aliyefika Kabla ya Ngoma za Kampeni

Msimu wa kampeni una sauti zake. Huanza kwa kipaza sauti juu ya gari, hufuatiwa na fulana na leso zenye picha ya mtu, kisha siku moja lori la maji husimama mbele ya mtaa ambao kwa miaka minne haukujuliwa hali. Mama wa nyumba hujaza mitungi yake, kwani maji hayana chama, naye mgombea hupigwa picha akiwa ameshika mpira wa maji. Je, tumjue mtu huyu kwa maji ya leo, au iko njia nyingine ya kumjua?

Jibu tumelitafuta nje ya mwambao wetu, kwa jirani zetu wa Kitui na Makueni. Si watu wa mbali nasi. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka Mombasa na pembe za ndovu kabla haijakuwako reli, na hivi leo ziko familia nyingi za Shimba Hills na Changamwe ambazo asili yao ni huko. Tena ni watu wanaoujua ukame, na penye ukame ndipo lori la maji linapokuwa na nguvu kubwa zaidi juu ya moyo wa mpiga kura. Wenyewe wana neno lao, mwolyo, yaani chakula cha msaada wakati wa njaa. Na wanasiasa wa kila rangi wamejifunza kulitamka hata kama Kikamba kingine hawakijui.

Uchaguzi wa vyama vingi uliporudi Kenya, tarehe 29 Desemba 1992, viti vya kuchaguliwa Bungeni vilikuwa 188. Wanawake walioshinda walikuwa sita tu. Ajabu ni kwamba watatu katika hao sita walitoka Ukambani: Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi, ambaye alichaguliwa mbunge mara ya kwanza mwaka 1974, Agnes Ndetei wa Kibwezi, na Charity Ngilu wa Kitui ya Kati. Nusu nzima ya wanawake waliochaguliwa nchini ilitoka katika nchi kavu ambayo wengi wetu huipitia tu tukiwa ndani ya basi la Nairobi.

Habari ya Bi. Ngilu ndiyo inayotufaa zaidi hapa. Alizaliwa Mbooni, sehemu ambayo leo imo katika kaunti ya Makueni, akafanya kazi ya ukatibu katika Benki Kuu, kisha akaingia katika biashara. Hakuwa mtu wa majukwaa. Alishirikiana na vikundi vya akina mama vya Kitui katika miradi ya maji na ya afya, wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiomba kura. Husimuliwa kwamba wanawake hao ndio waliomwendea nyumbani kwake, wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamwambia aviache, aende akagombee. Mwaka 1997 aligombea urais akawa wa tano. Baadaye akawa waziri, na mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kitui, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kushika cheo hicho nchini. Yapo mengi ya kumsifia na ya kumlaumu katika miaka hiyo yote, nasi hatukukusudia kumpigia debe. Tunachokitazama ni mpango wa mambo: kazi ilitangulia, ugombea ukafuata.

Na wale wanawake waliomwendea walikuwa na kipimo cha kumpimia. Ukambani kuna desturi ya mwethya, kazi ya pamoja ambayo jirani humfanyia jirani kwa zamu. Kwa mwethya akina mama wamechimba maelfu ya matuta ya kuzuia udongo, yale yanayoitwa "fanya juu" kwa sababu mchanga hutupwa upande wa juu wa mtaro. Kwa kazi ya namna hiyo pia wamejenga mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukingama mto wa msimu, mvua hujaza mchanga nyuma yake, na mchanga huo huficha maji ambayo jua haliwezi kuyanywa upesi. Wakati wa kiangazi mwanamke hufukua akachota. Mtu aliyebeba mawe pamoja nawe katika kazi kama hiyo humhitaji mpambe wa kukueleza tabia yake.

Sheria ya nchi nayo imelitazama jambo hili. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2011 kinamwondolea sifa ya kugombea mtu anayeshiriki harambee ya umma ndani ya miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, hesabu hiyo inaangukia mwezi wa Desemba 2026. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani mwenye kuhonga na mpiga kura mwenye kupokea hongo. Yaani noti ya mia mbili iliyokunjwa ndani ya kiganja cha mama ni kosa la watu wawili.

Sisi tulio Waislamu tunayo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya yule mkusanyaji wa zaka aliyerudi akasema mali hii ni yenu na hii nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) aliuliza kama zawadi hiyo ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Hebu tuligeuze swali hilo upande wetu: lau tusingekuwa na kura, unga huu ungetufikia? Tusemeni kweli, wako akina mama ambao njaa haiwapi nafasi ya kuuliza. Hao hatuwalaumu. Lawama ni ya mwenye gari aliyeingoja njaa ifike.

Makueni imekwenda hatua moja zaidi, na hapo ndipo tulipovutiwa hasa. Tangu 2013, chini ya gavana wa kwanza Kivutha Kibwana, kaunti hiyo ilianzisha mabaraza ya wananchi kuanzia kijijini hadi ngazi ya kaunti, ambako watu hutaja wanachokitaka na kukipanga kwa umuhimu. Haikuwa njia laini: gavana na wawakilishi wa wadi waligombana juu ya bajeti hata wananchi wakaomba kaunti ivunjwe, na mwaka 2015 Rais akalikataa ombi hilo. Lakini mabaraza yalibaki. Mwaka 2016 ulianzishwa mpango wa matibabu ambao kwa shilingi 500 kwa mwaka familia ilitibiwa katika hospitali za kaunti.

Zaidi ya mabaraza, kila mradi huwa na kamati iliyochaguliwa na wenyeji wenyewe, na mkandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi. Kwa hiyo mama anayeteka maji kisimani ndiye pia anayekwenda kukikagua, akatazama saruji, akapima kina, akajaribu pampu kwa mkono wake, kisha akaamua kama kalamu ishikwe leo au fundi arudi kesho.