Je, Wajua Kingamwili Huishi Siku Ngapi?

Ikitangazwa tu kwamba kingamwili zimepungua katika damu ya waliochanjwa, wengi huamua papo hapo kuwa chanjo imeisha nguvu. Hapo umri wa kingamwili unachanganywa na umri wa seli zinazoitengeneza. IgG, kingamwili iliyo nyingi kuliko zote katika damu, hupungua nusu kila baada ya siku 21 hivi. IgM, aina nyingine ya kingamwili, hupungua nusu ndani ya wiki. Hata hivyo, surua ilipovamia visiwa vya Faroe mwaka 1846, baada ya kutoonekana huko kwa miaka 65, daktari Mdenmark Peter Ludwig Panum alikuta wazee walioiugua mwaka 1781 hawaambukizwi tena. Hakuna kingamwili iliyoishi miaka hiyo yote. Waliobaki na kinga walikuwa na seli za kumbukumbu, pamoja na seli za plazma zinazojikita ndani ya uboho na kumwaga kingamwili mpya usiku na mchana.

Hata hizo siku 21 ni nyingi kwa protini ya damu, na namna zinavyopatikana ni ya ajabu. Seli zilizotanda ndani ya mishipa hufyonza majimaji ya damu na kuyafungia katika vifuko vidogo. Kifuko kikianza kujaa tindikali, protini nyingi zilizomo huelekea kusagwa. IgG huokolewa na kipokezi kiitwacho FcRn: huushika mkia wake penye tindikali, huirudisha ukingoni mwa seli, na ikikutana tena na damu, isiyo na tindikali, huiachia iende zake. Kipokezi hichohicho huivusha IgG kwenye kondo la nyuma, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. Ndiyo maana kipimo cha kingamwili hakitoshi kuthibitisha kwamba mtoto wa chini ya miezi 18 ana VVU: huenda kinachoonekana ni kingamwili za mama. Ndiyo maana pia Kenya na Tanzania husubiri hadi miezi 9 kuchanja surua, kwani kingamwili za mama huweza kuizima chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza lolote.

Mtu atauliza: ikiwa seli hizo hudumu, sindano za kurudia ni za nini? Seli hazidumu sawa kwa kila ugonjwa. Mwaka 2007 Ian Amanna, Mark Slifka na mwenzao walichapisha vipimo vya damu ya watu waliofuatiliwa Marekani kwa hadi miaka 26: kingamwili za surua karibu hazikushuka, ilhali za pepopunda zilipungua nusu kwa takriban miaka 11. Ndiyo sababu inaudhi kwamba sindano ya pepopunda huhimizwa kwa wajawazito, huku fundi na mkulima wakiachwa hadi wachomwe na msumari. Dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, ina sababu nyingine: wapo watoto ambao miili yao haikuitikia ile ya kwanza. Mzazi anayeiruka kwa kudhani ni marudio tu anaweza kuwa na mtoto asiye na kinga kabisa.

Watengeneza dawa nao wameiga ujanja wa FcRn kwa kurekebisha mkia wa kingamwili ili ushikwe vizuri zaidi: ipo nirsevimab, inayomlinda mtoto mchanga dhidi ya RSV, virusi vya njia ya hewa, kwa miezi kadhaa kwa sindano moja, na ipo CIS43LS, iliyowakinga watu wazima wengi na malaria kwa msimu mzima katika jaribio la Mali.