Somo la Afya: Dawa Inapokaza Koo

Neno letu la leo ni KOO. Lisomeni pamoja: KO-O.

Tuseme kijana wenu ameugua akili. Hospitali wamempa dawa iitwayo haloperidoli. Dawa hii ilitengenezwa Ubelgiji mwaka 1958, nayo imewasaidia wagonjwa wengi. Siku ya pili shingo yake inapinda, macho yanageukia juu, taya linakaza, ulimi unatoka nje. Majirani wanasema, "Amepandwa na pepo." Wengine wanasema, "Ni pepopunda." Lakini kijana anawasikia wote, naye anaogopa.

Sababu ni nini? Ubongo huamuru misuli kukaza na kulegea. Katika kazi hiyo hutumia kitu kiitwacho dopamini. Haloperidoli huzuia dopamini. Kwa njia hiyo hutuliza akili, lakini pengine huvuruga amri za misuli. Mara nyingi jambo hili hutokea katika siku 5 za kwanza, au dawa inapoongezwa. Huwapata zaidi vijana, hasa wa kiume.

Mara chache misuli ya koo nayo hukaza. Sikilizeni pumzi yake. Ikiwa inakwaruza, sauti imebanwa, au hawezi kumeza mate, hiyo ni hatari ya kufa. Msingoje asubuhi.

Fanyeni hivi:

1. Mpelekeni hospitali upesi.
2. Mwacheni akae namna anayopumua vizuri. Msimfunge kamba.
3. Msimpe chakula wala maji; vyaweza kumpalia.
4. Msimpe dawa ile tena kabla ya kumwona daktari.
5. Chukueni bahasha ya dawa, mkaionyeshe.

Bahasha hiyo ina maana kubwa. Daktari akisoma jina la dawa, hujua la kufanya. Atampa hewa ya oksijeni ikihitajika, na sindano ya kulegeza misuli, kama vile promethazini au biperideni. Mara nyingi mgonjwa hulegea kabla ya nusu saa kwisha. Lakini hali yaweza kurudi, kwa hiyo ataangaliwa kwanza.

Je, dawa ya akili itupwe? La. Daktari aweza kuipunguza au kuibadili. Ugonjwa ukiachwa bila dawa, nao huleta hasara.

Maswali ya darasa:

Kwa nini tuchukue bahasha ya dawa?
Ni dalili gani za koo kukaza?

Kwaherini.