Kimya cha Kipima Mionzi

Ieleweke mapema kwamba kipima mionzi hakisemi kweli yote. Chukua mfano wa lori la chumvi ya Katwe lililosimamishwa na askari Mpondwe, mpakani na Kongo, karibu na mji wa Bwera. Mwenye kifaa akisimama kando ya barabara na kusikia kimya, hana haki bado ya kuinua kizuizi. Kifaa huhesabu ile miale ya gama tu iliyoifikia fuwele yake na kunaswa humo. Sehemu hiyo, ikilinganishwa na miale yote iliyotoka kwenye chanzo, ndiyo wataalamu waiitayo ufanisi wa kifaa, nayo ni ndogo mno.

Miale hutawanyika pande zote, kama joto la moto. Fuwele yenye upana wa sentimita 5, ikiwa mita 1 kutoka kwenye chanzo, hufikiwa na mwale mmoja katika kila 6,400. Ikirudishwa hadi mita 2, mmoja katika 25,600. Umbali umezidi mara mbili, hesabu imeshuka mara nne. Tena chanzo kikifukiwa ndani ya shehena, magunia yenyewe huwa ngao: kila sentimita 8 hivi za chumvi hupunguza kwa nusu miale ya sesiamu-137. Ndiyo maana lori moja huweza kukiliza kifaa upande wa kushoto na kukinyamazisha upande wa kulia. Hapana budi askari alizunguke lote, kwa karibu na kwa mwendo wa polepole.

Nishati nayo ina hukumu yake. Mwale mkuu wa amerisiamu-241 una kiloelektronivolti 60 hivi, na bamba la chuma la sentimita 1 huuzuia karibu wote. Ule wa sesiamu, wenye 662, hupita bamba hilo kwa zaidi ya nusu. Miale ya kobalti-60, yenye 1,173 na 1,332, hupenya zaidi, lakini hupenya hata fuwele yenyewe, na mingi hutokea upande wa pili bila kuhesabiwa. Kifaa kilichosawazishwa kwa sesiamu hakiaminiki kwa vingine.

Katwe ina jambo lake la pekee. Mawe yake ya volkeno yana potasiamu nyingi ajabu, na maji ya ziwa yanayo pia. Sehemu ndogo ya potasiamu yoyote hutoa miale ya kiloelektronivolti 1,461. Basi mlio mdogo huko waweza kuwa wa ardhi tu, na kipimo cha mahali patupu hutangulia kipimo cha lori.

Kosa la kinyume nalo lipo. Mjini Goiânia, Brazili, mwezi Septemba 1987, sesiamu iliyoachwa katika kliniki iliyohamwa ilipasuliwa na kusambazwa, na watu 4 wakafa. Mwanafizikia aliyeitwa kupima aliwasha kifaa akiwa bado mbali, sindano ikaruka hadi mwisho kila alikogeukia. Akadhani kimeharibika, akarudi kuchukua kingine. Cha pili kikafanya vilevile.