Kuingiza Picha za Video Katika Kompyuta: Daftari Si Mtu



Siku hizi hakuna tawi la chama lisilo na mtu mwenye simu inayopiga video. Mkutano unapigwa, maandamano ya tarehe 1 Mei yanapigwa, ngazi mbovu ya bohari inapigwa, na mwenzetu aliyeumia kazini anasimulia mbele ya simu. Hayo ni mambo mema. Lakini kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzifikisha picha hizo salama ndani ya kompyuta, ili zikatwe na kuunganishwa zipate kuwa filamu moja. Hapo ndipo wengi tunapopoteza. Mimi mwenyewe nilipoteza, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Yaliyotupata

Mtaa wetu wa Asiatique ni mtaa wa kazi. Kuna gereji, maduka ya vipuri, bohari, na siku hizi kuna pia vijana wenye kompyuta wanaotengeneza video za harusi na matangazo. Tulikwenda kwa kijana mmoja wa namna hiyo. Tulikuwa na kadi ya kamera yenye maneno ya mchukuzi mmoja, mtu mzima, aliyeumia mgongo akishusha magunia. Alikuwa amesema kwa dakika 40, bila kuficha kitu: saa alizofanya kazi, uzito aliobebeshwa, na jinsi alivyoambiwa arudi nyumbani bila malipo.

Kijana alichomeka kadi, akaziingiza picha katika programu ya kuhariri. Tukamwona mzee wetu kwenye kioo, tukamsikia. Tukafurahi, tukachomoa kadi. Jioni ile ile niliifuta kadi ili nipige mkutano mwingine. Kesho yake tulipoifungua kazi, mahali pa mzee palikuwa na rangi nyekundu tupu. Hapakuwa na sura wala sauti. Naye alikuwa amekwisha kurudi mlimani kwao, na hatukumpata tena.

Kosa halikuwa la kijana peke yake. Kosa lilikuwa la sisi sote kutojua maana ya neno moja: kuingiza.

Maana ya kuingiza

Televisheni ya taifa ilipoanza hapa Burundi mwaka 1984, picha zilikuwa katika mikanda. Mkanda unaushika mkononi. Ukiwa ndani ya mashine, unajua umo. Ukiutoa, unajua haumo. Programu za kuhariri za leo hazifanyi hivyo.

Ndugu, fikirini daftari la wanachama. Ndani yake mna jina la mwanachama na mahali anapokaa. Mwanachama mwenyewe hamo ndani ya daftari. Akihama bila kutuarifu, barua tunayompelekea itarudi. Basi, programu ni daftari la namna hiyo. Unapobonyeza neno Importer, programu nyingi za kompyuta hazichukui picha. Zinaandika tu kwamba faili fulani iko katika folda fulani, ndani ya kadi fulani. Ukichomoa kadi, ukihamisha faili au ukibadilisha jina lake, programu inakwenda mahali pale na kukuta hakuna mtu. Ndivyo zilivyo Premiere, DaVinci Resolve, na pia Kdenlive na Shotcut ambazo hupatikana bure.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni hii: nakili kwanza, ingiza baadaye.

Hatua za kufuata

Kwanza, pima nafasi. Simu ya iPhone, ikipiga kwa kipimo cha 1080 na picha 30 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 60 kwa dakika moja. Ikiwekwa kwenye 4K hupanda hadi karibu 170. Kamera inayoandika megabiti 24 kwa sekunde hula megabaiti 180 kwa dakika. Kwa hiyo dakika 40 za kamera hiyo ni megabaiti 7,200, yaani zaidi ya gigabaiti 7. Tazameni kama diski ina nafasi hiyo kabla ya kuanza. Tena flashi nyingi zimepangwa kwa mtindo unaoitwa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4. Flashi inaweza kuwa na nafasi ya gigabaiti 32 na bado ikakataa faili yako. Dawa ni kuipanga upya kwa mtindo wa exFAT, lakini kupanga upya kunafuta vyote vilivyomo. Ondoeni vitu vyenu kwanza.

Pili, nakili kadi nzima. Msichague faili moja moja. Kamera nyingine hukata maneno marefu katika vipande viwili au vitatu, na hugawa habari zake katika folda nyingi. Ukichukua unachokitambua tu, utaacha kipande. Wekeni yote katika folda moja yenye tarehe na jina la shughuli, mwaka ukitangulia, ili kazi zijipange zenyewe. Ndani yake fanyeni folda ya picha, folda ya sauti, na folda ya kazi ya programu yenyewe.

Tatu, fanya nakala ya pili katika diski nyingine. Diski huanguka, huibiwa, na umeme hukatika mashine ikiwa inaandika. Fungua kila faili, tazama mwanzo, katikati na mwisho. Kisha linganisha ukubwa wa folda na ukubwa wa yaliyomo kwenye kadi. Vikilingana, na nakala zikiwa mbili, hapo ndipo kadi inaweza kufutwa.

Nne, sasa ingiza. Fungua programu, bonyeza Importer, chagua folda iliyo ndani ya diski, siyo iliyo ndani ya kadi wala simu. Na mkipeleka kazi kwenye kompyuta nyingine, pelekeni folda nzima. Faili ya kazi ni ndogo, inaingia popote, na udogo huo ndio unaowadanganya watu. Hilo ni daftari; watu wako katika folda ya picha.

Matatizo yanayotokea mara kwa mara

Ikiwa rangi nyekundu imetokea, msiogope upesi. Kama faili bado ipo mahali fulani, programu itakuomba uionyeshe njia mpya. Ionyesheni, na picha zitarudi. Kinachopotea kabisa ni kile kilichofutwa bila nakala.

Ikiwa sauti inasikika na picha haionekani, huenda simu imepiga kwa mtindo wa HEVC, ambao pia huitwa H.265. Unabana picha vizuri, lakini kompyuta nyingi za zamani haziuwezi. Ikiwa midomo na sauti vinaachana kidogo kidogo kadiri filamu inavyoendelea, sababu mara nyingi ni kwamba simu haishiki mwendo mmoja: sekunde hii picha 30, sekunde ile 28. Kwa matatizo yote mawili kuna programu ya bure iitwayo HandBrake. Igeuzeni faili kuwa H.264, chagueni mwendo usiobadilika, kisha ingizeni hiyo mpya. Ile ya asili msiitupe.

Ikiwa picha zina ukungu, ulizeni zimefikaje. WhatsApp hubana video ili zisafiri upesi. Mwambieni anayetuma aitume kama hati, siyo kama video. Hapo inafika kama ilivyo. Kama mko mtaa mmoja, ni afadhali aje na simu yake na waya.

Kwa nini tuitunze ile ya asili

Filamu iliyokatwa ni nzuri kwa kuonyesha mkutanoni. Lakini siku ya mabishano, mwajiri atasema: mmekata maneno, mmeunganisha mnavyotaka. Jibu letu ni faili ya asili, ambayo haijaguswa, yenye tarehe na saa yake. Bila hiyo tunabaki na maneno dhidi ya maneno.

Tena, maneno ya mfanyakazi ni amana. Akisema jina la msimamizi wake mbele ya simu yetu, ameweka mkate wake mikononi mwetu. Msiache nakala katika kompyuta ya dukani ambayo kila mtu anachomeka flashi yake. Kazi ikiisha, folda iondoke pamoja nanyi, na ile ya dukani ifutwe mbele ya macho yenu. Na flashi iliyopita huko ichunguzwe virusi kabla ya kuingia katika kompyuta ya ofisi.

Neno la mwisho ni juu ya kijana anayehariri. Yeye pia ni mfanyakazi. Kunakili kadi nzima na kufanya nakala ya pili kunachukua saa nzima au zaidi, na kwa kuwa analipwa kwa filamu tu, saa hiyo hailipwi na yeye anairuka. Patanieni bei ya kunakili kabla ya kuanza kazi, mkae naye mpaka nakala ya pili iishe. Sisi hatukumlipa saa ile, na yule mchukuzi ndiye aliyetoa gharama yake.