Kabla hujahama kompyuta: jina la faili, barua pepe na adabu ya masjala

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho yake ya kawaida ya usalama. Habari hiyo ilitangazwa mapema, lakini wengi imewakuta wamekaa tu. Ofisi, shule na maduka ya steshenari yenye mashine za zamani zisizokubali Windows 11 sasa yanahangaika kununua nyingine, na fundi anayeitwa kuhamisha kazi anakutana na maneno yale yale kila mahali: "Barua zangu zilikuwa hapa hapa kwenye skrini." "Picha zilikuwa ndani ya Word." "Barua pepe za mwaka juzi zimekwenda wapi?"

Nasema bila kificho kwamba kosa si la Windows. Tumewafundisha watu kufungua programu, hatukuwafundisha kutunza karatasi. Katika sehemu zilizotangulia za mfululizo huu tulishughulika na kipanya, kunakili na kubandika, na kufungua akaunti ya barua pepe. Aliyefuatana nami tangu mwanzo hayo anayaweza. Leo nataka tuzungumzie jina la faili na mahali linapokaa, na kwa hilo sina mwalimu bora kuliko karani wa masjala.

Aliyepata kufanya kazi serikalini anamkumbuka karani huyo. Barua ikifika inagongwa muhuri wa tarehe, inaingizwa kwenye rejista, inatafutiwa jalada lake, inatobolewa na kufungwa humo, kisha inaandikwa namba ya folio pembeni kwa juu. Jalada lina kumbukumbu namba yake. Anayelichukua anaandikwa, ili mkuu akiliuliza karani ajibu papo hapo kwamba liko kwa mhasibu tangu Jumanne. Barua za siri zina masjala yake, na mlango wake haufunguliwi na kila mtu. Hii ni elimu kamili: Chuo cha Utumishi wa Umma kinaifundisha Tabora, na mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka. Ukitaka kuona matunda yake, nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako majalada ya utawala wa Wajerumani yangalipo. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Mtafiti anaomba jalada kwa namba, analetewa mezani. Tawala zimepokezana, vita viwili vya dunia vimepita, aliyeandika barua amekufa zamani, na barua inapatikana. Kijana wa leo haipati barua aliyoiandika mwezi Machi, kwa kuwa aliiita "Document1", kisha "Document1 mpya", kisha "final", kisha "final ya kweli".

Waliobuni mafaili ya kompyuta hawakuidharau kazi ya makabati. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walieleza mfumo wa mafaili wa Multics, mfumo endeshi wa kompyuta, ambamo folda iliweza kuwekwa ndani ya folda, na hiyo ndani ya nyingine, kwa kina chochote. Mwaka 1981 kampuni ya Xerox ikatoa mashine iitwayo Star, iliyomwonyesha mtumiaji picha za karatasi, folda, kabati la majalada na vikapu viwili vya barua, cha zinazoingia na cha zinazotoka. Bei yake iliwashinda wengi, lakini sura yake ndiyo tuliyorithi. Folda ya manjano unayoibonyeza kila siku imetoka ofisini, na ilikusudiwa itumike kiofisi.

Zama za MS-DOS jina la faili lilikuwa na herufi zisizozidi nane, nukta, kisha herufi tatu za mwisho zinazosema ni faili la aina gani. Nafasi hiyo finyu ilimlazimisha mtu kufikiri kabla ya kuandika. Windows 95 ilipotoka, tarehe 24 Agosti 1995, jina liliweza kufika herufi 255. Huo ulikuwa ukombozi, nami nausifu. Lakini Windows hiyo hiyo ilikuja na mazoea mabaya ambayo mpaka leo hayajaondoka: ikazificha zile herufi za mwisho, eti zisimsumbue mtumiaji. Kumficha mtu habari za mali yake si kumsaidia.

Gharama ililipwa tarehe 4 Mei 2000. Siku hiyo watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU na kiambatisho kiitwacho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa Windows ilizificha herufi tatu za mwisho, wengi waliona TXT tu, wakadhani ni maandishi matupu. Kumbe vbs ni amri: ukiibonyeza, kompyuta inaitekeleza. Amri ile iliharibu mafaili ya picha na mengineyo, kisha ikajituma kwa kila mtu aliyeandikwa katika kitabu cha anwani cha Outlook, kwa jina la mwenye kompyuta. Ndiyo maana ilisadikiwa, maana ilitoka kwa mtu unayemfahamu. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake, na Pentagon nayo iliguswa. Wapelelezi walifuata nyayo mpaka Manila, kwa mwanafunzi wa kompyuta, na kesi ikaanguka kwa sababu Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kosa hilo. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015, lakini sheria haikukingi na kidole chako mwenyewe.

Basi zifunue herufi hizo leo. Katika Windows 11 fungua File Explorer, bonyeza View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions. Kuanzia hapo utaona wazi docx, pdf, jpg na exe. Ukiletewa "ankara.pdf.exe", usiiguse, hata kama imetoka kwa shemeji yako.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosea: herufi hizo ni lebo tu. Waombaji kazi hupiga picha cheti kwa simu, wakabadilisha jpg kuwa pdf kwa kuandika tu, kisha wakashangaa mfumo wa maombi unapokikataa. Faili lina utambulisho wake ndani. Lifungue faili la PDF kwa Notepad, na mwanzoni utakuta alama ya asilimia na herufi PDF. Fungua la docx vivyo hivyo, utakuta PK, herufi za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni mtindo wa zip wa kufinya mafaili, kwa maana docx ni furushi la zip lililovishwa jina jingine. (Ukitoka usihifadhi chochote, usije ukaliharibu.) Picha inageuzwa kuwa PDF kwa programu au kwa kuiskani upya, kuibandika lebo hakuibadilishi.

Sasa barua pepe. Mwaka 1971 Ray Tomlinson, akiwa kampuni ya BBN huko Cambridge, Massachusetts, alikuwa na programu mbili: SNDMSG, iliyomwezesha mtu kumwachia ujumbe mwenzake anayetumia kompyuta ile ile, na CPYNET, iliyonakili faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Akaziunganisha, akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Sanduku la barua lilikuwa faili, na kutuma barua kulikuwa kuongeza maneno mwishoni mwa faili la mwenzako. Nalipenda tukio hili kuliko yote katika historia ya kompyuta, kwa kuwa linaonyesha kwamba anayejua mafaili amekwisha kuijua nusu ya barua pepe.

Viambatisho vilikuja baadaye. Kanuni za kuvibeba, ziitwazo MIME, za Nathaniel Borenstein na Ned Freed zilitoka mwaka 1992. Barua pepe iliumbwa kubeba herufi tu, hivyo picha hugeuzwa kwanza kuwa herufi: kila baiti tatu huwa herufi nne. Ndiyo sababu faili la MB 20 huweza kukataliwa na mfumo wenye kikomo cha MB 25. Likiwa safarini limenenepa kwa theluthi moja.

Nafasi imebaki ndogo, na wenye kuhama kompyuta wananisubiri. Nakilini folda za Desktop, Documents, Pictures na Downloads kwenye diski ya nje, si flashi ya kuokoteza, kisha fungueni mafaili machache humo kuhakikisha yanafunguka kabla fundi hajagusa chochote. Mafaili yapeni majina yanayoanza na mwaka, kisha mwezi, kisha tarehe, mfano "2025-11-03 barua ya likizo", yatajipanga yenyewe.

Wanaotumia Outlook wazitazame barua zao kwanza. Akaunti ikiwa ya IMAP, barua ziko kwa mtoa huduma na zitarudi mkiingia upya. Ikiwa ya POP, huenda zilishushwa zikafutwa kule, na nakala pekee imo katika faili lenye herufi pst, ambalo mara nyingi hukaa katika folda ya Outlook Files ndani ya Documents. Fungeni Outlook, mlinakili faili hilo, na mashine ya zamani msiiuze wala kuisafisha mpaka barua zote zimeonekana kwenye mpya.