TELA NI JIPYA, TAIRI LIMEPASUKA: NANI ALAUMIWE?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Huko Marekani familia nyingi hununua tela la safari, yaani nyumba ndogo yenye vitanda, jiko na choo, ikokotwayo nyuma ya gari. Mengi ya matela hayo huundwa katika mji wa Elkhart, jimbo la Indiana, na sehemu zilizo jirani. Lakini hutokea kwamba tela halijatimiza hata mwaka mmoja, na tairi ambalo kashata zake bado ni nzima likapasuka katikati ya barabara kuu. Je, kosa ni la nani?

MZIGO

Chukua mfano wa tela la ekseli mbili, ambalo kila tairi lina uwezo wa kubeba kilo 825. Matairi manne hubeba kilo 3,300, wala hayabebi zaidi. Sasa jaza tangi la maji lita 150, vyombo, nguo na baiskeli za watoto. Aidha, mzigo haugawanyiki sawasawa. Upande wenye jiko na jokofu huweza kuwa mzito kuliko wa pili, hata tairi moja likaelemewa ingawa uzito wa tela zima haujavuka kipimo.

UPEPO NA JOTO

Adui mkubwa wa tairi ni joto. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka. Kujikunja huzaa joto, na joto huachanisha matabaka ya mpira na waya. Mwendo wa kasi huzidisha madhara hayo. Kwa miaka mingi matairi mengi ya tela yaliundwa kwa mwendo usiozidi kilometa 105 kwa saa, hali katika majimbo kadhaa sheria inaruhusu kasi kubwa zaidi.

Tena, tairi moja likilegea, jirani yake hubeba mzigo wa wawili. Huenda likapasuka siku nyingi baadaye, na mwenye tela asijue chanzo.

KUTUPIANA LAWAMA

Mnunuzi humlaumu mwenye kiwanda cha tairi. Huyo hujibu kwamba tela lilizidishiwa mzigo. Muundaji wa tela naye, mara nyingi, husema kwamba dhamana yake haihusu matairi.

Mabishano ya namna hii yalipata kuonekana mwaka 2000, kampuni ya Firestone ilipoyaita matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Vifo zaidi ya 250 vilihusishwa na matairi hayo. Ford ililaumu matairi. Firestone ililaumu gari, na upepo wa ratili 26 ambao Ford iliupendekeza. Novemba mwaka huo ikatiwa saini sheria iliyoleta taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Lakini sharti hilo liliwekwa kwa magari, si kwa matela. Na dereva aliye mbele ni vigumu kuhisi tairi la nyuma linavyolegea.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwa maoni yetu, mwenye kiwanda cha tairi awajibike kwa ubora wake. Muundaji wa tela awajibike kwa kuchagua tairi lenye akiba ya nguvu, si lile linalotosha tu pindi tela likiwa tupu. Mnunuzi naye hana budi kupima uzito wa kila gurudumu, na kujaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Asome pia tarakimu nne za mwisho ubavuni, zinazotaja juma na mwaka wa kutengenezwa, kwani tela jipya huweza kufungwa tairi lililokaa ghalani.

Tairi likipasuka, asitupe vipande. Avihifadhi, apige picha, na atoe taarifa kwa idara ya usalama barabarani. Hitilafu isiyoandikwa haina wa kuijibia, na familia nyingine itaikuta njiani.